Kuutafuta uso wa Bwana si kutafuta mpenyo

Mabango ya makesha jijini Nairobi yana desturi ya kutualika "tuutafute uso wa Bwana", kisha chini ya mwaliko huo hufuata orodha ya kazi, ndoa, viza, karo na biashara iliyokwama. Haja hizo ni halali, na mwenye kuzileta mbele za Mungu hana kosa lolote. Tatizo ni kwamba maneno yaliyoandikwa juu ya bango yanataja jambo jingine kabisa.

Kuutamani uwepo wa Mungu kuliko yote ni hali ya mwombaji ambaye anachokitaka kwanza katika sala ni Mungu mwenyewe, si kile ambacho Mungu anaweza kumpa. Mengine huombwa pia, lakini huombwa nyuma ya hilo.

Tofauti hiyo haionekani wazi mahali popote kama katika Kutoka 33, sura inayonukuliwa sana katika makesha yetu na kusomwa kidogo. Baada ya dhambi ya ndama ya dhahabu, Mungu hawanyimi Waisraeli nchi aliyowaahidi baba zao. Anasema atatuma malaika awatangulie, atawafukuza Wakanaani, Waamori na wenzao, na taifa litaingia katika nchi ijaayo maziwa na asali; jambo moja tu ndilo linaloondolewa, nalo ni kwamba yeye mwenyewe hatakwenda kati yao. Kwa hesabu ya mabango, huo ni mpenyo uliokamilika, yaani mambo yaliyofungwa yamefunguka, kwa kuwa adui ameondoka, ardhi imepatikana na malaika ametumwa. Biblia inaziita habari hizo mbaya, na watu walipozisikia walisikitika, wala hakuna aliyevaa mapambo yake. Musa naye alijibu kwamba uso wa Mungu usipokwenda pamoja naye, basi wasichukuliwe kutoka pale, na pale palikuwa jangwani. Yeyote anayetaka kujua anatamani nini hasa katika sala yake anaweza kujiuliza kama angeipokea ahadi ile ya kwanza kwa shangwe na kuitolea ushuhuda Jumapili.

Haifuati kwamba kuomba mkate ni utoto wa kiroho, maana Yesu mwenyewe aliuweka katika Sala ya Bwana. Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alipomwandikia Proba, mjane tajiri aliyekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, hakumkataza kuomba mahitaji ya maisha haya. Alimwelekeza kwenye Zaburi ya 27, ambako mwimbaji anataka neno moja, kukaa nyumbani mwa Bwana, na akamweleza kwamba Mungu anayejua haja zetu hutuagiza tuombe ili shauku yetu izoezwe hata iweze kupokea anachotuandalia. Kwa hiyo ombi la karo laweza kabisa kuwa njia ya kumwendea Mungu, mradi mwombaji asigeuke na kurudi nyumbani mara karo ipatikanapo.

Kuna mkanganyo wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi, wa kusema "uwepo umeshuka" wakati wa kusifu na kuabudu pale sauti zinapopanda na machozi yanapotiririka. Sina ugomvi na kinanda wala na machozi. Lakini Zaburi ya 139 inauliza mtu aende wapi aukimbie uso wa Mungu, na haioni mahali. Hivyo uwepo tunaoutamani ni ushirika na Mungu ambaye tayari yupo, na hisia zaweza kuandamana na ushirika huo au zisiandamane nao. Mwimbaji wa Zaburi ya 42, ambaye nafsi yake inamwonea Mungu kiu, anakula machozi yake mchana na usiku huku watu wakimuuliza Mungu wake yuko wapi. Hahisi kwamba amefika popote, na bado kiu yake ni sala.

Kwa sababu hiyo ningewasihi viongozi wa makesha, kwa heshima, wasimuulize muumini alfajiri kama "ameuhisi uwepo", hasa yule aliyekaa kimya usiku kucha kwenye kiti cha nyuma. Afadhali aulizwe alikuwa akimtaka nani, na akijibu kwamba alimtaka Mungu na hakuhisi chochote, asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo wala asiongezewe siku za kufunga.