Kamera ndani ya gari la mbio: maneno ya kijiweni na ukweli wake

"Video inatetemeka kwa sababu kamera ni ya bei rahisi." Hili nimelisikia Mtwara mjini mpaka nimechoka. Mara nyingi mkosaji ni kile chuma au plastiki cha kushikilia kamera, tunachokiita mkono: ni mrefu mno. Kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa mkupuo. Gari likitikisika kabla usomaji haujaisha, mistari haikutani na boneti linaonekana kupindapinda. Tumia mkono mfupi, ufunge kwenye mabomba ya rolikeji (fremu ya chuma ndani ya gari, ya kumlinda dereva likipinduka), si juu ya plastiki ya dashibodi.

Wengine hukimbilia kuwasha kitulizaji picha, ile sehemu ya kamera inayopunguza mtikisiko. Ndani ya gari hicho ndicho huharibu kabisa! Kihisi mwendo cha kamera hakijui kwamba gari zima limekata kona. Kinadhani mpiga picha katikisika, kinarekebisha. Barabara inatulia, usukani na dashibodi vinaogelea. Kizime.

"Kikombe cha mpira cha kushikilia kamera kinanata kwenye kioo." Hakinati, kinakandamizwa na hewa ya nje. Kwenye usawa wa bahari, kama pale Mikindani, hewa hukandamiza takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 8 kingebanwa kwa kama kilo 50, ikiwa ndani hamna hewa kabisa. Sasa punje moja ya mchanga wa Newala ikikaa ukingoni, hewa inapenya, hesabu imekwisha. Kamera yangu ilibanduka kona ya tatu kwenye njia ya shamba la korosho, ikadondoka miguuni mwa dereva. Iwaze chini ya pedali ya breki. Tangu siku hiyo nafuta kioo kwa kitambaa chenye maji, nakikausha, kisha nafunga kamba ya pili kutoka kwenye kamera hadi kwenye bomba. Kwenye mashindano rasmi, wakaguzi wakikuta kikombe peke yake wanaweza kukuambia ukitoe, na wana haki.

"Lenzi pana ndiyo inayoonyesha kasi." Yaani ile inayoona eneo kubwa kwa mara moja. Nusu kweli. Mikorosho ya pembeni itapita mbio, lakini barabara ya mbele itaonekana mbali na kona kali itaonekana ya kawaida. Mimi huweka kamera nyuma ya bega la dereva, mikono yake ionekane ikihangaika na usukani.

Memori kadi yenye alama ya V30, inayohimili kuandika megabaiti 30 kwa sekunde, hutosha kwa kazi nyingi. Ila jua la Novemba halijali kadi: ukisubiri zamu, itoe kamera kiooni uiweke kivulini, la sivyo itajizima kwa joto kabla hujaondoka.