Krapi hangoji kuvuta: jigi yenye boya na jigi bila boya

Aprili iliyopita nilimchukua mzee mmoja wa hapa Lexington, Kentucky, Marekani, tukaenda Kentucky Lake kuvua samaki aitwaye krapi, mwendo wa saa nne kwa gari. Mzee ni mtu wa Kalemie. Amekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na mshipi ameushika tangu utoto. Nikampa fimbo yenye jigi (ndoano yenye uzito wake), bila boya. Nusu saa ikapita, mimi nina samaki sita, yeye hana kitu.

"Mwanangu, samaki wa huku hawanigusi."

Nikautazama uzi wake. Walikuwa wakimgusa, tena mara kwa mara. Ila yeye alikuwa akingoja kuvutwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Krapi hutazama juu. Chambo hukiona kutoka chini, akakisogelea polepole na kukifyonza huku akipanda. Jigi ni ndoano iliyomiminiwa madini ya risasi shingoni, ikavishwa mkia wa plastiki laini au manyoya, na risasi hiyo ndiyo inayoukaza uzi. Samaki akiinyanyua, uzito anaubeba yeye na uzi unalegea. Kidole kilichofunzwa na mshipi wa mkono kinangoja mdonoo. Kwa krapi, dalili kubwa ni uzito uliokuwapo kutoweka ghafla.

Kwa asiyemjua, krapi ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, mpana na bapa kama sahani, nyama yake nyeupe na tamu sana ikikaangwa. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na Kentucky Lake wamo wote. Usiwatambue kwa rangi, maana dume la mweupe hukolea weusi wakati wa kuzaliana. Hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: saba au minane ni mweusi, sita au pungufu ni mweupe.

Sasa boya. Watu hudhani kazi yake ni kukuonyesha kwamba samaki amekula. Linafanya hivyo, lakini mimi nalitumia hasa kwa kuwa linaishikilia jigi kwenye kina kimoja bila kuzama zaidi. Krapi hupanda kufuata chakula, lakini ni shida kumshawishi ashuke. Kama matawi yaliyozama yanaanzia futi nane, jigi yangu inaning'inia futi saba. Ikipita chini yake, umempoteza. Na maji yakiwa bado na baridi, samaki ni mzito, hataki kukimbiza kitu. Jigi iliyotulia mbele ya uso wake ndiyo anayoichukua. Upepo mdogo ukivuma, mawimbi yanalichezesha boya na jigi inacheza nayo. Mkono wangu haujawahi kuichezesha vizuri hivyo.

Boya la kubana kwenye uzi linatosha kwa kina kifupi, tuseme futi tatu au nne. Kina kikizidi urefu wa fimbo, huwezi kulirusha wala kumfikisha samaki karibu, kwa sababu boya litagota kwenye ncha. Hapo tumia boya la kuteleza: funga kifundo kidogo cha kuzuia kwenye uzi, pitisha ushanga, kisha boya lenye tundu katikati. Ukivuta, kifundo kinapita kwenye pete za fimbo hadi kwenye rili, kigurudumu cha kukusanyia uzi. Ukirusha, jigi inashuka mpaka kifundo kigote kwenye boya.

Lipo jambo moja dogo ambalo wavuvi wengi hawaliangalii, nalo ni fundo la kwenye kipete cha jigi, pale uzi unapofungwa. Chini ya boya jigi lazima ilale mlalo, kama kisamaki kinachoelea. Fundo likiteremka mbele, jigi inaning'inia mkia chini, na krapi anaisogelea, anaitazama, anaondoka. Kila nikivua samaki mmoja nalirudisha fundo juu ya kipete kwa ukucha kabla ya kurusha tena. Ni kazi ya sekunde mbili.

Na utazame boya lenyewe. Likizama, hata mtoto anajua. Lakini likilala ubavu wakati lilikuwa limesimama wima, samaki ameinyanyua jigi na uzito haupo tena chini yake. Nyanyua fimbo.

Bila boya, nafurahia zaidi. Natumia jigi ya wakia 1/16, kama gramu 1.8, na uzi unaohimili uzito wa ratili 4 au 6. Narusha, nahesabu inavyozama, kisha nakusanya uzi polepole kuliko unavyodhani inafaa. Nikiguswa kwenye hesabu ya saba, najua wako wapi. Mrusho unaofuata nahesabu saba tena, au sita. Mkono wa pili unaugusa uzi mbele ya rili, na macho hayatoki pale uzi unapoingia majini. Ukiruka kidogo, ukienda kando, au ukilegea kabla ya hesabu kutimia, huyo amekula.

Njia hii ni ya kutafuta. Nisipojua walipo, navua bila boya, napima kina hiki na kile. Nikishawapata wametulia kwenye kina kimoja, nafunga boya. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi kama 16 hadi 20 za Selsiasi, wanasogea ukingoni kutaga. Hapo boya na jigi nyepesi ya wakia 1/32 vinanitosha.

Ukimnasa, usimkwanyue. Midomo yake ni laini mno, ndiyo maana Wamarekani humwita mdomo wa karatasi. Inua fimbo kwa upole, uzi usilegee, na umpokee kwa kiwavu. Leseni kata kabla hujatoka nyumbani, na usome kanuni za mwaka huo za urefu na idadi unayoruhusiwa.

Mzee nilimfungia boya jekundu. Lilisimama, likatikisika, likalala ubavu. "Sasa, mzee," nikamwambia. Akainua. Baada ya samaki wa nne akalifungua boya mwenyewe, akarudi kwenye uzi mtupu, na safari hii alikuwa akiinua kila ulipolegea.