Akiba ya DNS kwenye seva ya simu: ni nini, na inasaidia wapi

Seva ya simu za intaneti (VoIP) haiwezi kutuma chochote kwa jina. Inahitaji anwani ya IP. Lakini kwenye mipangilio yake mtoa huduma huandikwa kwa jina la kikoa, kwa hiyo kila mara seva inauliza: jina hili liko wapi? Anayejibu ni DNS, mfumo wa intaneti unaogeuza majina kuwa anwani za IP. Akiba ya DNS ya ndani ni programu ndogo inayokaa kwenye mashine hiyohiyo, kwa anwani 127.0.0.1. Inauliza nje mara moja, inalitunza jibu, na swali hilo likirudi inalijibu papo hapo.

Na maswali si machache. SIP ndiyo lugha ambayo seva za simu hutumia kuanzisha simu. Kwa utaratibu wake uliowekwa mwaka 2002, jina moja linaweza kuzaa maswali matatu: rekodi ya NAPTR (njia gani ya kuwasiliana itumike), kisha SRV (seva ipi na mlango upi), ndipo ya anwani yenyewe. Haya hujirudia seva inapojisajili upya kwa mtoa huduma na inapopiga simu.

Wengi huisifu akiba kwa kasi. Mimi naona hilo ndilo dogo. Jibu kutoka nje likija kwa milisekunde 30, hakuna sikio litakaloona tofauti. Faida yenyewe inaonekana siku jibu lisipokuja kabisa. Kwenye Linux, kwa kawaida programu husubiri sekunde 5 kwa kila seva ya DNS, na huijaribu kila moja mara mbili kabla ya kukata tamaa. Zikiwa seva mbili na zote kimya, hizo ni sekunde 20.

Kivinjari kikisubiri hivyo, mtu anakereka tu. Seva ya simu ikisubiri, mambo ni mengine. Chukua chan_sip, moduli ya zamani ya SIP kwenye Asterisk, programu huria ya seva ya simu: ujumbe wa SIP ulipita kwenye foleni moja, na swali la DNS liliisimamisha foleni nzima. Simu ya mezani inayotaka kujisajili, isiyohusiana na DNS hata kidogo, haijibiwi. Isipojibiwa ndani ya nusu sekunde inatuma tena, kisha tena, na foleni inazidi kurefuka. Ndiyo maana intaneti ikikatika, hata simu za chumba kwa chumba zilikuwa zikifa, na fundi akahangaika na nyaya zisizo na kosa. Moduli hiyo iliondolewa kwenye Asterisk 21, mwaka 2023, lakini seva za zamani bado zinafanya kazi.

Usitarajie akiba itengeneze sauti inayokatikakatika. Simu ikishaunganishwa, pakiti za sauti huenda moja kwa moja kwenye anwani ya IP. Hapo tatizo litafute kwenye mtandao.

Kila jibu la DNS huja na muda wake wa kuishi, TTL. Ukiwa sekunde 60 na intaneti ikakatika dakika kumi, akiba ya kawaida nayo itabaki mikono mitupu. Unbound, mojawapo ya programu za akiba ya DNS, ina mpangilio wa serve-expired, unaoiruhusu kutoa jibu lililopitwa na muda pale jipya lisipopatikana. Huo ni bora kuliko kulazimisha TTL ndefu kwa kila jina, maana mtoa huduma akihamia anwani nyingine, wewe utaendelea kupiga ile iliyokufa. Kwa seva ndogo hata dnsmasq, programu nyingine nyepesi ya akiba, inatosha: bila kuguswa hutunza majina 150, na seva ya simu mara nyingi haihitaji hata nusu yake.

Kupima ni rahisi. Uliza jina lilelile mara mbili kwa dig, amri ya kuuliza DNS. Mara ya pili muda ushuke hadi milisekunde 0 au 1. Usiposhuka, fungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva ya DNS ya kuulizwa. Mara nyingi utakuta DHCP, huduma inayogawa mipangilio ya mtandao yenyewe, imeliandika upya na kurudisha seva ya mbali, na akiba ipo tu, haina anayeiuliza.