Mradi wa uhandisi uwe na mwenyewe

Shule inaponiomba niandae mradi wa uhandisi kwa wanafunzi wa sekondari, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mtu kiwandani anayesumbuliwa na jambo. Mara nyingi si meneja. Ni fundi wa matengenezo au mwendesha mashine, mwenye kero ndogo inayopigwa kalenda kila wiki kwa kuwa kuna kubwa zaidi. Madaraja ya vijiti yanayojengwa darasani yana nafasi yake, sina ugomvi nayo, ila mwanafunzi anajua kabisa kwamba jibu liko kwa mwalimu.

Kero yenyewe isiwe ya kitu ambacho kikiharibika mtu ataumia. Breki, mitungi ya gesi na vifaa vya kunyanyulia mizigo naviacha kando, hata kama ndivyo vinavyowavutia vijana.

Mfano ninaoupenda ni kishikio cha sensa, yaani kifaa kinachotambua kitu kikipita mbele yake. Kwenye mkanda unaopitisha chupa kuna sensa inayozihesabu, nayo imefungwa kwenye kipande cha bati la chuma kilichochomoza kutoka kwenye fremu. Mkanda ukishika kasi bati linatikisika, na chupa moja inahesabiwa mara mbili. Ukiwauliza wanafunzi dawa yake, karibu wote watasema: tutumie chuma imara zaidi.

Usiwasahihishe. Wape vipande viwili vyenye vipimo sawa, kimoja cha chuma cha kawaida, kingine cha chuma imara. Wavibane kwenye jiliwa, watundike uzito uleule kwenye ncha, kisha wapime kila kimoja kimeshuka milimita ngapi. Vitashuka karibu sawasawa, na hapo ndipo ubishi mtamu unapoanza. Uimara unaamua ni mzigo gani utakaolipinda bati lisirudi tena. Kunesa ni habari nyingine: kunategemea umbo la kipande na ugumu wa asili wa metali, ambao kwa vyuma karibu vyote ni takriban gigapaskali 200 (ndicho kipimo cha ugumu huo; namba ikiwa kubwa, metali inanesa kidogo). Alumini, ambayo lazima mmoja ataipendekeza kwa wepesi wake, ina kama 70 tu.

Kwa hiyo wanageukia umbo. Unene ukizidishwa mara 2, bati linanesa moja ya nane ya mwanzo. Sehemu iliyochomoza ikifupishwa kwa nusu, matokeo ni yaleyale. Na wakikunja kingo mbili za bati jembamba lifanane na mfereji, litakakamaa kiasi cha kuwashangaza. Fomula ya kupinda nawaonyesha baada ya hapo, si kabla, maana sasa wana namba zao wenyewe za kuihoji.

Kisha wampelekee fundi bati lao. Atalishika, ataligeuzageuza, na atauliza: "Sasa hii nati nitaifikia na spana gani?" Ukingo uliokunjwa umeziba njia. Au atasema mkanda huoshwa kila siku, na maji yatatuama humo. Mwalimu hawezi kuyatunga maswali haya, nami nikiwa ofisini siyafikirii pia. Anayeyajua ni yule anayeingiza mkono pale kila zamu.

Kwenye mchoro kuna somo dogo lisiloepukika. Wanafunzi huchora tundu la milimita 8 kwa bolti ya milimita 8, kisha wanashangaa matundu manne hayakubali bolti zote kwa pamoja. Kwa kawaida tunatoboa 9, kwa sababu hakuna anayetoboa mahali halisi palipochorwa.

Suala la alama ndilo linaloleta mvutano na shule. Mimi hudai alama nyingi ziende kwenye daftari: vipimo, mawazo yaliyokataliwa na sababu ya kukataliwa. Kundi ambalo kishikio chake hakikufungwa kamwe, lakini linaweza kueleza kwa namba kwa nini, lisipitwe na lile lililobahatisha. Na fundi apewe nafasi ya kuuliza maswali siku ya kuwasilisha, kabla ya mhandisi yeyote kufungua mdomo.