Waini drai, waini kali: mnachanganya mambo

"Kaka, nipe waini nyeupe, ila siyo drai. Drai ni kali, nitalewa." Mteja wa hapa Bagamoyo huniambia hivyo, kisha anaagiza Port, mvinyo wa Ureno, tamu kweli, yenye kilevi cha asilimia 20 hivi.

Drai maana yake kavu, na ukavu ni habari ya sukari basi. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi; gramu 17 hivi katika lita huzaa asilimia moja. Ikiimaliza karibu yote, mvinyo ni mkavu. Ikikatizwa njiani, utamu unabaki na kilevi kinakuwa kidogo: zipo Riesling (mvinyo wa zabibu nyeupe za jina hilo) tamu za Mosel, Ujerumani, zenye asilimia 8 tu, wakati ile kavu ya Alsace, Ufaransa, hufika 12 au 13. Hapo mtu hudakia, "Si ndiyo nilivyosema!" Ngoja kwanza. Port nayo hukatizwa, lakini kwa kumwagiwa pombe kali, ndiyo maana ina utamu na kilevi vyote juu. Ulimi hautakwambia kitu. Geuza chupa, soma asilimia kwenye lebo, imeandikwa!

Kinachowakunja uso ni uchachu. Familia ya Trimbach wako kwenye mvinyo huko Alsace tangu mwaka 1626 (Alsace hiyohiyo alikotoka Padre Antoine Horner, aliyeanzisha misheni yetu mwaka 1868), na uchachu huo wanaulinda makusudi: wanaacha sukari iishe, na hawaruhusu asidi ilainishwe na bakteria. Mezani, kwenye changu wa kukaanga, unafanya kazi ya ndimu. Anayeunywa mtupu, bila samaki, halafu akalalamika, mimi simhurumii.

Eti chupa ndefu nyembamba ni ya mvinyo mtamu. Alsace hutia humo mkavu na mtamu. Kuanzia mavuno ya 2021, lebo zao za mvinyo mweupe lazima zitaje kiwango cha utamu. Ukitaka mkavu, tafuta neno Sec.

Chembe zinazong'aa chini ya chupa? Si vioo, si sukari. Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi. Kunywa.

Eti mweupe haukai. Clos Sainte Hune ya hao Trimbach, Riesling tupu kutoka shamba lisilofika hekta mbili, hulazwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa na huweza kuishi miongo. Ila chupa iliyosimamishwa dirishani dukani, jua la pwani likiipiga mchana kutwa, hiyo imekufa hata ingetoka kwa nani.

Na barafu kwenye glasi, jamani, acheni. Unalipia mvinyo, unakunywa maji. Ichovye chupa kwenye ndoo ya barafu na maji, tupia chumvi kiganja kimoja, subiri robo saa. Barafu tupu huigusa chupa hapa na pale tu. Maji huizunguka yote. Kwa hiyo nikileta ndoo mezani, msiniambie nimwage maji.