Gia ya mashine ya boti: yanayosemwa ufukweni na yaliyomo ndani ya mguu

Yamaha Enduro ya hosipawa 15 au 40 huweza kusukuma boti miaka mingi baada ya rangi yake kubabuka. Mguu (sehemu ya chini ya mashine, yenye gia na propela) ukianza kugonga au gia kuruka, hukumu hutolewa palepale ufukweni, skrubu hata moja haijafunguliwa: wengine wanasema uza chakavu, wengine nunua seti nzima ya gia. Mara nyingi wote wamekosea.

"Mashine inanguruma, boti haitembei, basi gia zimeisha"

Anza na propela. Kati ya bomba la ndani linaloshika shafti na mwili wa propela kuna mpira mgumu. Umewekwa makusudi, ili propela ikigonga mwamba uteleze mpira, yasivunjike meno ya gia. Mpira huo ukichoka huteleza wenyewe: kwa mwendo mdogo boti inakwenda, ukifungua mafuta mashine inapiga kelele na boti inazubaa. Kwaruza mstari mmoja ulionyooka kutoka bomba la ndani hadi mwili wa propela, toka na boti, ifungulie, kisha rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, mguu hauna kosa. Tatizo ni propela.

Mashine ndogo zaidi hazina mpira, zina pini laini inayokatika. Weka pini ya aina yake. Ukichomeka kipande cha bolti ngumu, pigo litakalofuata litakwenda moja kwa moja kwenye gia.

"Gia inaruka, kwa hiyo meno ya gia yameliwa"

Gia za ndani ya mguu haziachani. Pinioni (gia ndogo) ya shafti ya wima inashika gia ya mbele na gia ya rivasi muda wote, na injini ikiwaka zote tatu zinazunguka, hata ukiwa fri. Kinachohama ni klachi ya meno, kipande kinachoteleza juu ya shafti ya propela na kung'ata gia moja au nyingine. Gia inayoruka unapoongeza mafuta kwa kawaida ina mojawapo ya kasoro mbili: pembe za klachi na za gia inayong'atwa zimekuwa mviringo, au klachi haifiki mwisho kwa sababu fimbo ya gia, inayotoka kwenye mkono wa gia hadi mguuni, imerekebishwa vibaya.

Kasoro ya pili haihitaji spea ya gia hata moja, na inapenda kutokea baada ya mguu kushushwa kubadilisha impela (feni ya pampu ya maji) na fimbo kuunganishwa vibaya. Kwa hiyo pima kwanza. Chomoa plagi na kamba ya usalama, tia gia ya mbele, kisha zungusha propela kwa mkono kinyume cha mwendo wake wa kazi. Inapaswa kushika na kuburuta injini. Halafu tenganisha fimbo na uisogeze yenyewe pale inapoingia mguuni. Ikiwa hapo klachi inang'ata sawasawa lakini kwa mkono wa gia haifiki, kazi ni ya kurekebisha maungio tu.

"Tia gia polepole, usiiumize"

Kinyume chake. Ukiibembeleza, pembe zinagongana na kusagana kabla hazijaumana, na hapo ndipo huwa mviringo. Shusha silensa (mwendo wa injini usipoiongezea mafuta), kisha tia gia kwa mkono mmoja wa haraka. Ule mlio wa "kok" ni wa kawaida. Silensa ikiwa juu hata mkono wa haraka hauokoi kitu.

"Oili imekuwa nyeupe: mguu umekufa" na ndugu yake, "badilisha oili, endelea na kazi"

Weupe huo ni maji yaliyoingia kwenye oili. Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na dhana zote mbili zinapoteza fedha. Simamisha mashine wima usiku kucha. Asubuhi legeza skrubu ya chini kidogo bila kuifungua yote. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwa hayajachanganyika yatatoka ya kwanza. Yakiwa yamechanganyika, oili itafanana na chai ya maziwa.

Sababu ya kawaida ni sili (mipira inayozuia maji kuingia) za shafti ya propela. Mshipi au uzi wa nyavu hujizungusha nyuma ya propela, ukapata joto na kukata mdomo wa sili. Sababu nyingine ni washa za skrubu zilizotumika mara kumi, au sili ya shafti ya wima chini ya pampu ya maji. Ili kujua ni ipi, toa oili, funga tundu moja, kwenye jingine unganisha pampu ya baiskeli yenye geji na upandishe hadi psi 10 hivi. Tumbukiza mguu majini, mapovu yatakuonyesha. Usipandishe zaidi ya hapo ovyo, utazitoa sili nzima mahali pake.

Baada ya hapo angalia chuma. Ncha ya skrubu ya chini kwenye mashine nyingi ina sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chenga zinazokwaruza kidole ni vipande vya meno au beringi. Maji ya chumvi yaliyokaa siku chache, mguu ukiwa bado laini kwa mkono na bila chenga, yanahitaji sili mpya na oili. Yaliyokaa mwezi mzima, mashine ikiwa imelala, huacha kutu kwenye beringi na kwenye uso wa meno. Sili mpya haifuti vishimo hivyo.

Wako wanaojaza grisi ili isivuje. Grisi hurushwa pembeni na meno, hairudi, na beringi ya juu ya pinioni hubaki kavu.

"Fundi atachomelea meno, atayachonga upya"

Meno haya yana ngozi ngumu ya joto na moyo laini. Moto wa kuchomelea huiharibu ngozi hiyo, na kilichoongezwa hupukutika mkiwa baharini, vipande vikisagwa kati ya gia nzima. Klachi iliyolika ibadilishwe pamoja na gia iliyokuwa ikiing'ata, kwani pembe mpya ikikutana na ya mviringo itaruka tena. Gia ya mbele ikibadilishwa, pinioni ifuate. Zile washa nyembamba za kupimia nafasi usizichanganye: nafasi ikibana meno hupata joto, ikizidi hugongana mpaka yakatike.

"Mguu wa mtumba unaingia tu"

Pima urefu wa mguu (fupi ni ya ubao wa inchi 15, ndefu ya inchi 20), hesabu mistari (meno yaliyochongwa kwenye ncha) ya shafti ya wima, na uhakikishe uwiano wa gia ni ule ule. Kisha ufanyie jaribio la pampu kabla ya kulipa.

"Mashine kuukuu haina faida kuitengeneza"

Umri wake hauamui. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kununua spea yoyote ya mguu. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, kichwa (injini yenyewe, juu ya mguu) nacho kinadai fedha, na gia mpya hazitakilipa. Kompresheni ikiwa nzuri, jumlisha spea, sili, gasketi na ufundi, kisha linganisha na bei ya mguu mzima wa mtumba. Maoni yetu ni haya: tengeneza ikiwa jumla haivuki nusu ya bei ya mashine kama hiyo inayofanya kazi. Kasoro ikiwa ni sili au maungio tu, hesabu hiyo haina haja.

Ukirudisha mguu, paka grisi kwenye mistari ya shafti lakini si juu ya ncha, maana grisi iliyonaswa huzuia shafti kukaa chini. Jaza oili ya gia SAE 90 kutoka tundu la chini, robo hadi nusu lita kwa mashine za ukubwa huu, mpaka itoke juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, kisha ya chini, kwa washa mpya. Imwage baada ya saa 10 za kazi uiangalie rangi, na baada ya hapo kila saa 100.