Protini nyingi inaua figo? Sio kwa mtu mzima mwenye afya

Ile meseji ya "ukila sana nyama na mayai figo zinakufa" bado inazunguka kwenye magrupu. Iko hivi: kwa mtu mzima ambaye figo zake ni nzima, tafiti hazijaonyesha kwamba kula protini nyingi kunaziharibu. Ni kweli zinachuja damu kwa kasi zaidi ukila protini nyingi, ila hapo zinajirekebisha tu kulingana na kazi, sio dalili ya kuumia.

Mkanganyiko unatoka wapi? Wenye ugonjwa wa figo huwa wanaambiwa na daktari wapunguze protini, ushauri sahihi kabisa kwao, sasa watu wanauchukua wanambandika kila mtu, halafu kuna kipimo cha kriatinini (taka inayotoka kwenye misuli, ambayo figo huichuja) kinachoweza kupanda kidogo kwa mwenye misuli mikubwa au aliyetoka kula nyama, mtu anaona namba anapaniki. Kisukari na presha, ambavyo ndivyo vinaharibu figo za wengi, kwenye meseji wala havitajwi!

Ukiwa na wasiwasi kapime damu kuangalia kriatinini, na mkojo kuangalia albumini (protini inayovuja kwenye mkojo figo zikiumia), hasa kama una presha au sukari maana figo huumwa kimya kimya. Na hiyo meseji ikikufikia usiifowadi, aliyekutumia mwambie tu kwa upole.